Lethi ndogo inayotetemeka: pima ulegevu kabla ya kununua beringi

Lethi (mashine ya kukereza chuma) ninayoizungumzia ni ile ya benchi inayotengenezwa China na kuuzwa kwa rangi na majina tofauti: kipenyo cha milimita 180 juu ya kitanda, milimita 300 au 350 kati ya senta (ncha mbili zinazoshikilia kazi), uzito wa kilo 40 hivi. Inakereza vizuri alumini na shaba. Ukiipa chuma cha kawaida inaanza kuimba, uso wa kazi unabaki na mawimbi, na ukijaribu kukata kipande kukiachanisha, kisu kinazama na kuvunjika. Wengi wakifika hapo hukimbilia duka la beringi. Kwenye mashine hizi sehemu kubwa ya ulegevu iko upande wa kisu, kwenye kariji (kibebeo cha kisu kinachosogea juu ya kitanda) na slaidi zake, na kazi ya kuuondoa inahitaji tupa, msasa na uvumilivu kuliko pesa.

Anza kwa kupima. Utahitaji dayo geji (saa ya kupimia msogeo) ya 0.01 mm yenye kitako cha sumaku, chuma cha mviringo cha milimita 25, na mizani ya kuning'iniza kama ile ya wauza nyama. Kitako cha sumaku kikae kwenye kitanda muda wote. Funga chuma kwenye chaki (kichwa chenye taya kinachozungusha kazi) kikiwa kimetokeza milimita 80, weka ncha ya geji juu ya chuma karibu na taya, kisha kivute juu kwa mizani mpaka isome kilo 10. Andika namba. Sasa hamia upande wa pili: vuta kishikio cha kisu kwa kilo 10 zile zile, na usome geji ikiwa juu ya kishikio chenyewe, kisha juu ya slaidi ya juu (ile ndogo inayobeba kishikio), kisha slaidi ya mkingamo (iliyo chini yake, inayokatiza kitanda), mwisho kwenye kariji. Tofauti kati ya usomaji mmoja na unaofuata ndiyo ulegevu wa kiungo kilicho kati yake. Rudia kwa kuvuta kuelekea kwako. Kiungo kinachotoa zaidi ya 0.03 ndicho ninachoanza nacho.

Angalia pia sindano inavyofanya ukiachia mizani. Ikirudi sifuri, chuma kilipinda tu kama springi. Isiporudi, kuna kitu kimeteleza: kuna nafasi kati ya nyuso mbili, au kuna bolti isiyobana. Ugonjwa wa kwanza unatibiwa kwa kuongeza unene wa chuma. Wa pili kwa kuondoa nafasi. Kwenye lethi hizi wa pili ndio uliojaa.

Kitako cha mashine

Toa miguu ya mpira. Ifunge lethi kwa bolti kwenye pleti ya chuma yenye unene wa milimita 20, au kwenye bamba la zege lenye nondo la unene wa sentimita 10. Lakini usikaze bolti nne kwa nguvu kwenye uso usio sawa, maana kitanda chembamba kama hiki kinajipinda kama kamba na mashine itakereza koni badala ya mcheduara. Kaza kidogo kidogo, huku fila (kibamba chembamba cha kupimia nafasi) ikikuonyesha ni mguu upi unaning'inia, kisha weka shimu (kipande chembamba cha kujazia nafasi) chini yake.

Mnyooko unajaribiwa hivi: chuma cha milimita 25 kitokeze milimita 150 bila senta. Punguza sehemu ya katikati ili zibaki pete mbili za upana wa milimita 10, moja karibu na chaki, nyingine umbali wa milimita 100 kutoka ya kwanza. Kwa kisu kikali, pitisha kina cha 0.1 tu kwenye pete zote mbili bila kugusa mkono wa slaidi, kisha zipime kwa maikromita. Pete ya nje ikiwa nene, inua kidogo mguu wa mbele ulio upande wa telistoki (kichwa cha mkia, mkabala na chaki) kwa shimu. Ikiwa nyembamba, inua wa nyuma. Kata tena, pima tena. Kina kikiwa kikubwa chuma chenyewe kitapinda kwa nje na kukudanganya, ndiyo maana nasema 0.1.

Mabamba ya chini ya kariji

Hapa ndipo panapostahili siku nzima. Kisu kinapokata, nguvu inakikandamiza chini upande wa mbele, na nyuma ya kariji inataka kunyanyuka. Kinachoizuia ni bamba jembamba lililofungwa chini ya kariji, linaloshika ukingo wa kitanda kutoka chini. Kiwandani bamba hilo linawekwa kwa skrubu za aina mbili: zinazovuta juu, na zisizo na kichwa zinazosukuma chini ili kuacha nafasi. Matokeo yake bamba linaning'inia kwenye ncha za skrubu, halikai kwenye chuma chochote. Linayumba, na linapinda katikati.

Dawa ni shimu. Fungua mabamba yote mawili, futa mafuta, kisha yasugue kwenye msasa namba 240 uliolazwa juu ya kioo kinene mpaka uso wote uwe na mkwaruzo wa rangi moja. Mara nyingi utakuta rangi ya kiwandani na makovu ya kisu cha milingi, hivyo endelea tu. Ukingo wa chini wa kitanda nao upitishie tupa laini kuondoa ncha kali. Rudisha bamba, rekebisha kwa skrubu zake mpaka kariji isogee kwa mkono ikiwa nzito kidogo kuanzia mwanzo hadi mwisho wa kitanda. Sasa ingiza fila kati ya bamba na kariji, karibu na kila skrubu. Hiyo namba ndiyo unene wa shimu unayohitaji. Kata shimu za shaba ya njano za unene huo, toboa matundu ya bolti, ziweke, toa kabisa zile skrubu za kusukuma, na ukaze bolti mpaka mwisho. Bamba sasa limekaa chuma juu ya chuma.

Ukikosa shimu za shaba, bati la kopo la soda lina unene wa karibu 0.1 mm na linafanya kazi. Likwangue rangi kwanza, la sivyo rangi itabonyea na nafasi itarudi. Kariji ikisogea vizuri karibu na chaki lakini ikakwama upande wa telistoki, ukingo wa kitanda hauko na unene mmoja. Usiongeze shimu kwa ajili ya sehemu ya kukwama. Punguza ukingo wenyewe pale kwa jiwe la mafuta, taratibu, au kubali kukwama huko mwisho ambako hukati kitu.

Gibu

Gibu ni ule ukanda wa chuma unaobana slaidi ndani ya doviteli yake (njia yenye kingo za mshazari, kama mkia wa njiwa). Wa kiwandani huwa mwembamba, umepinda, na skrubu zinausukuma kwa ncha kwenye uso ulio mshazari, kwa hiyo ukizungusha mkono wa slaidi gibu inasafiri nayo kidogo kabla ya kukwama. Unaona kwenye geji: unageuza mkono, sindano imetulia, halafu inaruka 0.05 kwa mpigo.

Toa skrubu ya kuendeshea ili slaidi isogezwe kwa mkono mtupu. Nyoosha gibu kwenye msasa na kioo kama mabamba. Irudishe mahali pake, ishikilie isisogee, pitisha keekee yenye kipenyo kinacholingana na tundu la skrubu ili iache alama kwenye gibu, kisha toa gibu na uchimbe vijishimo vya kina cha milimita 1. Ncha za skrubu zikate kwa umbo la vijishimo hivyo ili zitue chini na kushika. Gibu haitasafiri tena. Mwenye nafasi atengeneze gibu mpya ya shaba ya njano, nene kadiri doviteli inavyoruhusu.

Kuibana: kaza skrubu moja moja mpaka uhisi slaidi imekuwa nzito, rudisha kidogo sana, halafu ishikilie kwa ufunguo wa aleni wakati unakaza nati yake. Usipoishikilia, nati inaigeuza skrubu na kazi yote imeharibika. Skrubu moja kwenye kila slaidi iache iwe ya kufungia, ya kukaza kabisa slaidi hiyo isipotumika. Kariji nayo iwekee bolti ya kuifunga kitandani. Ukikata uso wa kazi au ukiachanisha bila kuifunga unajitafutia taabu.

Slaidi ya juu itoke

Slaidi ya juu ndiyo kiungo dhaifu kuliko vyote. Ina doviteli ndogo, gibu ndogo, na imefungwa chini kwa bolti mbili ambazo huzioni mpaka uirudishe nyuma. Kazi yake halisi ni kukereza koni fupi na kuingiza kisu kwa pembe wakati wa kukata nyuzi. Kwa kazi nyingine zote inakaa pale ikitetemeka.

Pima kimo kutoka uso wa slaidi ya mkingamo hadi pale kishikio cha kisu kinapokaa. Kata bonge la chuma cha kimo hicho hicho, na upana usiozidi slaidi ya mkingamo. Chuma cha kawaida kinafaa. Ugumu wake dhidi ya kupinda ni karibu mara tatu ya alumini, kwa hiyo usishawishike na alumini kwa sababu ni rahisi kukata. Lifunge kwa bolti nne za M6 zilizosambaa kwenye pembe. Kabla ya kutoboa slaidi ya mkingamo, igeuze uangalie chini: tundu lisitokee kwenye uso wa doviteli wala kugonga nati ya skrubu ya kuendeshea. Uso wa chini wa bonge uchimbe kidogo katikati, nusu milimita inatosha, ili likae kwenye kingo zake na lisiyumbe katikati.

Nyuzi za hatua ya hadi 1.5 mm unaweza kuzikata kwa kuingiza kisu moja kwa moja, kwa vina vidogo. Slaidi ya juu itunze kabatini kwa siku ya koni.

Kisu

Kabla ya beringi, angalia kisu kimetokeza kiasi gani. Mpindo unakua kwa urefu × urefu × urefu, kwa hiyo ukikirudisha kutoka milimita 40 hadi 20 umepunguza mpindo mara nane, bure. Upande wa kazi ni vivyo hivyo.

Vipande vya kabaidi vya mashine kubwa, vyenye ncha butu na duara la 0.8, vinahitaji kusukumwa kwa nguvu ambayo lethi hii haina. Tumia duara la 0.2 au 0.4, vile vya kung'arishwa vilivyotengenezwa kwa ajili ya kukata alumini. Vinakata chuma laini vizuri kwenye mashine nyepesi. Au chonga kisu cha HSS (chuma kigumu cha visu) mwenyewe, kikali, na ukiweke usawa wa senta kamili.

Beringi, kama bado unataka

Za kiwandani kwa kawaida ni 6206, milimita 30 × 62 × 16. Ukivuta chuma kwa kilo 10 na geji ikisogea karibu na taya, na umehakikisha chaki imekazwa kwenye spindo (mhimili unaoizungusha), basi badilisha. Chaguo rahisi ni 7206 ya mguso wa pembe, ambayo vipimo vyake ni vile vile. Chaguo gumu zaidi ni 30206 ya roli za koni, namba inayopatikana kwenye duka lolote la beringi la Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, lakini ina upana wa 17.25. Mbili zinaongeza milimita 2.5, hivyo lazima upunguze pete iliyo nyuma ya spindo mpaka gia zirudi kwenye mstari wake.

Makombe (pete za nje) ya 30206 yakae mdomo mpana ukiangalia nje, pande zote mbili za hedistoki (kichwa kinachobeba spindo). Ukiyageuza, nati ya nyuma haitabana kitu. Kwa 7206, upande mnene wa pete ya nje ukalie bega la ndani. Usigonge beringi kwa nyundo. Ivute kwa chuma cha nyuzi cha M12 na pleti mbili, ukisukuma pete ile tu inayobana. Beringi hizi ziko wazi, kwa hiyo weka kinga ya bati au plastiki nje yake, la sivyo machicha ya chuma yatazimaliza.

Kaza nati ya nyuma mpaka ulegevu uishe, ongeza kidogo, kisha washa kwa mizunguko 1000 kwa dakika 15. Hedistoki iwe vuguvugu, ya kuvumilika kwa kiganja. Ikichoma, legeza nati mara moja; ikibaki baridi kabisa, ongeza sehemu ndogo ya mzunguko na urudie.

Jaribio la mwisho ni kuachanisha chuma laini cha milimita 25 kwa kisu cha upana wa milimita 2: kariji imefungwa, kisu kimetokeza milimita 14 tu, mizunguko 250 hivi, mafuta yakidondoka. Kikianza kuimba, usiogope kukisukuma zaidi. Kisu kinachosugua bila kukata ndicho kinachopiga kelele. Kikiendelea, punguza mizunguko. Kikizama ghafla na kuvunjika, rudi kwenye bamba la nyuma la kariji na fila mkononi.