Neno la Utulivu Lililozaliwa Juani

Shuleni tulifundishwa kwamba calm ni mtulivu, mtu asiye na hasira, tukaishia hapo. Kwa sisi tunaofuatilia asili za maneno, hili ni tunu, kwa sababu maelezo yanayokubalika zaidi yanalipeleka moja kwa moja kwenye moto.

Wagiriki walikuwa na kitenzi kaiein, yaani kuunguza, na kutokana nacho wakapata kauma, joto kali, hasa la jua. Kilatini cha baadaye kikalipokea kama cauma. Katika Biblia ya Kilatini ya Jerome, Ayubu 30:30, Ayubu analia kwamba mifupa yake imekauka prae caumate, kwa joto. Hapo bado hakuna utulivu wowote. Ni mateso matupu.

Maana iligeuzwa na mchana wenyewe. Kule pwani za Mediterania, jua likifika utosini mkulima anaweka jembe chini, mifugo inajibanza kivulini, kila kitu kinanyamaza. Jina la joto likahamia kwenye ule ukimya. Waitaliano wakasema calma, na mabaharia wakalitumia kwa bahari isiyo na upepo. Herufi l inadhaniwa iliingia kwa mvuto wa calere, kuwa na joto kwa Kilatini. Kupitia Kifaransa, neno likafika Uingereza mwishoni mwa karne ya 14, na kuanzia karne ya 16 likaanza kusemwa juu ya moyo wa mtu.

Njia hiyo ya kutoka majini kuingia kwa watu tunaijua vizuri: bahari huwa shwari, kisha mambo nayo yakawa shwari. Tofauti ni kwamba hasira zetu hupoa. Sisi tulifika kwenye utulivu kwa njia ya ubaridi, wao kwa njia ya jua kali, na hilo hunifurahisha kila ninapolifundisha.

Cauma ilizaa pia caumare, kupumzika wakati wa joto. Wafaransa wakaifanya chômer, kukaa bila kazi, na asiye na kazi wakamwita chômeur. Wabelgiji wakaja na Kifaransa chao Rwanda, na leo mtu wa Kigali asiye na ajira ni umushomeri. Msomaji atashawishika kuona kuchoma humo ndani. Asihangaike: kuchoma ni neno la Kibantu, na kufanana huko ni sadfa tu.