Gigahezi, inchi na stika ya i7: ubishi wa kijiweni na ukweli wake

Kijiwe chetu hapa Kirumba, Mwanza, mpira ukishachambuliwa ukaisha zinafuata kompyuta, mashine uliyokuwa nayo na uliyonayo sasa, na hapo kila mtu anaisifia ile ya kwanza kama marehemu, na marehemu si mnajua huwa hana baya. Mimi nilianza na Pentium 4 ya gigahezi 3.0, RAM ya MB 256, hadidiski ya GB 40 na monita ya chogo, lile nene lenye mgongo, ya inchi 17, kuipandisha kule kwenye mawe Bugarika niliitua chini mara tatu njiani. Leo niko na laptop ya i5 ya jenaresheni ya nane, RAM ya GB 8, SSD (diski ya kisasa badala ya hadidiski) na flati ya inchi 24, yaani monita nyembamba. Sasa kuna jamaa anatokea Igoma, yeye mashine yake ya zamani ya Pentium D bado inawaka mpaka leo na hakuna kitu utamwambia.

Hoja yake kubwa ni hii: "Yangu ni gigahezi 3, laptop yako imeandikwa 1.6, sasa nani ana mbio?"

Aisee. Gigahezi ni mabilioni ya mapigo kwa sekunde ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, basi, haisemi kila pigo linafanya kazi kiasi gani. Chukua mitumbwi miwili pale Mwaloni, mmoja una mpiga kasia mmoja anapiga harakaharaka lakini kasia lenyewe kama mwiko, mwingine una watu wanne wanapiga taratibu na makasia mapana, nani anafika Kamanga kwanza? Ndio hivyo. Pentium 4 ilitengenezwa makusudi ikimbize hiyo namba, ikafika 3.8 mwaka 2004, Intel wanaozitengeneza wakataka kutoa ya 4 wakaifuta mwaka huohuo maana joto lilishakuwa tatizo. Mwaka 2006 wakaleta Core 2 Duo, zenye 2.4 na hata chini ya hapo zikaziacha mbali zile za 3.8. Na hiyo 1.6 kwenye laptop ni spidi ya kuanzia tu, prosesa kama i5-8250U ina kori nne, kama wale wapiga kasia wanne, na ikipata kazi inapanda mpaka 3.4.

Ugonjwa huohuo uko kwenye stika ya prosesa inayobandikwa kwenye mashine. Mtu anaingia duka la used, anaona i7, anatoa hela. Kaka, i7 ya mwaka gani? i7-2620M ya laptop za 2011 ina kori mbili, i3-8100 ya mezani ya 2017 ina nne. Soma namba inayofuata baada ya mstari, 2620 ni jenaresheni ya pili, 8100 ya nane, zikiwa tano kama 10400 ni ya kumi. Na hili lina maana sasa hivi kwa sababu Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia jenaresheni ya nane, ukiacha vichache sana. Fundi anaweza kukupigia window kwa njia za panya ikakubali, sikatai, ila ujue unachonunua.

Kuna wale wa kurifreshi. Unamkuta mtu kaiwasha mashine, kabla ya chochote anabonyeza rifreshi mara ishirini "ichangamke". Inachofanya ni kuchora upya vialama pale mbele, basi, hata RAM haiguswi. Ukitaka ichangamke kweli toa hadidiski weka SSD, maana kwenye hadidiski kuna kichwa kinahama huku na huku kutafuta vipande vya faili na SSD haina kitu kinachozunguka, ndio maana mashine ya 2012 yenye SSD inaweza kuwaka haraka kuliko ya juzi yenye hadidiski.

Monita sasa, hapa huwa napenda. Wanasema inchi nyingi ndio picha safi. Inchi hupimwa mshazari, kona mpaka kona, na chogo la 17 walipima mpaka kioo kilichojificha ndani ya plastiki, unachokiona ni kama 16 hivi. Flati ya inchi 19 ya umbo la zamani lile karibu mraba ina eneo kubwa kuliko inchi 19 pana za siku hizi, kama asilimia 14 zaidi, inchi zilezile! Halafu hii iliniuma mwenyewe, flati ya inchi 17 yenye pikseli (vidoti vinavyochora picha) 1280 kwa 1024 ina pikseli 96 kila inchi, hii yangu ya 24 ya 1920 kwa 1080 ina 92, na ukinunua 27 yenye pikseli hizohizo unashuka mpaka 82. Herufi zinakuwa kubwa, sio safi. Na "LED" wanazouza ni LCD ileile, kilichobadilika ni taa za nyuma.

Chogo nalo tulipe haki yake, weusi wake ulikuwa weusi kweli na kitu kikikimbia hakiachi ukungu nyuma. Ila lilikula wati 70 na zaidi, yangu hii inakula kama 20 na kitu, LUKU ni shahidi. Na yale mambo ya kunywa maziwa kutoa mionzi ya kioo tuache jamani, kioo cha chogo chenyewe kiliwekwa madini ya risasi ndani kuzuia hiyo eksirei, macho yanauma kwa sababu ukikodolea unasahau kupepesa. Cha kuogopa kipo kwingine: ukilifungua chogo ndani kuna umeme wa zaidi ya volti 20,000 na unaweza kubaki humo hata ukishachomoa waya, kwahiyo achia fundi anayejua.

"Lakini za zamani zilikuwa imara." Zile zilizopona ndio unaziona, zilizokufa ziliuzwa chuma chakavu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 90 mpaka kama 2007 zilitoka mazabodi nyingi sana zenye kapasita mbovu, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zinavimba kichwani zinavuja, na Pentium 4 yangu ndio ilivyokufa, asubuhi nawasha feni inazunguka kioo cheusi, fundi akafungua akanionyesha saba zimevimba na mzoga wa wadudu wa ziwani kwenye feni umejaa kama dagaa kwenye mkeka.

Jamaa wa Igoma bado anabisha, kasema Jumapili anakuja na Pentium D yake tuziwashe pamoja. Nikamwambia lete, ila chogo liache nyumbani, ukilipakia kwenye bajaji wewe utakaa wapi.