Padri Raynal na Kitabu Kilichochomwa Moto Paris

Katika jumba la Versailles, Ufaransa, imehifadhiwa picha iliyochorwa na Girodet mwaka 1797. Ndani yake Jean-Baptiste Belley, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, amevaa sare ya mbunge na kujifunga mshipi wa rangi tatu za taifa la Ufaransa, huku ameegemea sanamu nyeupe ya kichwa cha mzee. Mzee huyo ni padri Guillaume-Thomas Raynal.

Raynal alizaliwa mwaka 1713 kusini mwa Ufaransa, akalelewa na Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, na kuwa mmoja wao, kisha akawaacha, akaenda kuhudumu Paris katika parokia ya Saint-Sulpice. Hakudumu sana madhabahuni, kwani kalamu ndiyo iliyomlisha. Mwaka 1770 ilitoka, bila jina lake, historia ndefu ya biashara na makoloni ya Wazungu katika Asia na Amerika. Ni haki kusema kwamba hakuiandika peke yake: kurasa nyingi, zikiwemo baadhi ya zile kali mno dhidi ya utumwa, ni za mwanafalsafa Denis Diderot. Toleo la mwaka 1774 lilitabiri kwamba shujaa mweusi angeinuka kuwakomboa watumwa.

Jambo hili linatugusa pia sisi watu wa pwani, kwa kuwa mwaka 1776, kitabu hicho kikiwa tayari mikononi mwa wasomaji, Mfaransa Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka.

Katika toleo la mwaka 1780 Raynal aliweka jina lake na sura yake. Nauona huo kuwa ujasiri mkubwa, maana Mei 1781 mahakama kuu ya Paris iliamuru kitabu kichomwe hadharani na mnyongaji, naye mwenyewe akamatwe. Alikimbilia nje ya nchi, akaruhusiwa kurudi mwaka 1784, ila si Paris.

Mwaka 1791 aliliandikia Bunge barua ya kulaumu vurugu za Mapinduzi ya Ufaransa, na wengi waliomtukuza wakamgeuka. Alifariki Machi 1796. Miaka 6 baadaye Napoleon aliurudisha utumwa, uliokuwa umefutwa mwaka 1794, katika makoloni, na Belley akafa mwaka 1805 akiwa kizuizini katika kisiwa cha Belle-Île.