Kiashiria ni nini? Doa la manjano linaeleza

Mchuzi wa samaki uliotiwa kiungo cha manjano ukidondokea kanzu nyeupe, mtu hukimbilia sabuni ya kipande. Akianza kufikicha, doa la njano linageuka jekundu. Wanangu walidhani nguo imeharibika kabisa, mpaka nilipolikamulia ndimu na njano ikarudi palepale. Doa lile lilikuwa kiashiria.

Kiashiria ni kitu kinachobadili rangi kikikutana na asidi au besi. Asidi ndiyo inayotia ukali kwenye ndimu, ukwaju na siki. Besi ni upande wa pili: sabuni, magadi, maji ya majivu, vitu vinavyoteleza vidoleni. Ndani ya manjano mna rangi iitwayo kurikumini. Besi huinyang'anya haidrojeni, na hapo namna inavyofyonza mwanga hubadilika, jicho likaona wekundu. Asidi huirudishia haidrojeni ile, nayo ikawa njano tena. Hakuna kilichoharibika, na hilo ndilo nililotaka watoto walione kwa macho yao.

Nunua manjano mbichi sokoni Marikiti, ukate kipande, mtoto asugue karatasi nyeupe mpaka iwe njano. Kama una ya unga, ikoroge kwa maji ya moto kidogo, pakeni, kisha mwanike kivulini, kwani jua hufifisha rangi hii (ndiyo maana doa la mchuzi hupungua nguo ikianikwa juani). Yeyusha magadi kidogo katika maji, mpe mtoto kijiti chenye pamba, aandike jina lake. Herufi zitatokea nyekundu. Magadi yasionjwe wala yasiingie machoni.

Kabla ya kila tone, muulize anatarajia rangi gani. Mimi naona swali hilo ndilo jaribio lenyewe.

Ila manjano ina upofu wake. Ukidondosha ndimu au maji matupu, karatasi inabaki njano vilevile, kwa hiyo kutobadilika si ushahidi wa asidi. Wanasayansi hupima kwa pH, kipimo alichokibuni mwanakemia Sørensen wa Denmark mwaka 1909: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni besi. Maji ya bahari yako karibu na 8.1, ni besi hafifu, na manjano huyatambua kwa shida.

Hapo ndipo kabeji ya zambarau inaposaidia. Ikate, imwagie maji ya moto, chuja. Maji yake huwa ya waridi kwenye ndimu, na ya kijani kwenye magadi. Tulipochota maji ya bahari kwenye kichupa pale ufukweni Mama Ngina, Mombasa, karatasi ya manjano ilibaki njano, lakini maji ya kabeji yakaanza kuelekea buluu, dalili ya besi hafifu.