Je, wajua kwa nini swichi huachia kwenye bodi hata ikiwa imelehemiwa vizuri?

Kifaa ulichojiundia kikianza kukatakata kila unapogusa kitufe, usikimbilie kununua swichi mpya. Geuza bodi ya saketi upande wa shaba uimulike kwa mwanga mkali. Mara nyingi utaona mstari mwembamba mweusi, kama uzi, umezunguka mguu mmoja wa swichi: lehemu imepasuka. Ukiirudishia moto kifaa kitafanya kazi, halafu baada ya muda lehemu itapasuka palepale.

Lehemu ni metali laini. Kazi yake ni kupitisha umeme, na kushikilia vijenzi vidogo kama rezista au kapasita haiishindi kwa kuwa hakuna anayezigusa. Swichi na potenshomita (kirekebishi cha kuzungusha, kama cha sauti) huguswa kila siku, na mhimili wake, yaani kijiti unachokishika, ni wenzo. Tuseme ncha ya mhimili iko milimita 20 juu ya bodi, na kati ya miguu mitatu iliyo katika safu moja, ile ya pembeni imeachana milimita 10. Ukiisukuma kandokando ya safu ya miguu kwa nguvu ya kilo 1, mguu mmoja unavutwa juu kwa kilo 2 na mwingine unakandamizwa kwa kiasi hichohicho. Ukiisukuma kukingama safu hiyo ni vibaya zaidi, maana hakuna mguu wa pili upande ule wa kuzuia. Yote mitatu inapinda pamoja. Kwenye bodi ya shaba upande mmoja, shaba yenyewe ina unene wa mikroni 35 hivi na imeshikizwa kwa gundi tu, kwa hiyo huweza kubanduka hata kabla lehemu haijapasuka.

Basi nguvu ya mkono iishie kwenye kasha, isifike kwenye lehemu. Ndiyo maana potenshomita na swichi za kijiti zina shingo yenye nyuzi za skrubu na nati. Pima shingo, kisha toboa paneli tundu linaloizidi kwa robo hadi nusu milimita: shingo ya milimita 7 hutaka tundu la 7.5 au pungufu kidogo. Potenshomita nyingi zina pia kijino kidogo pembeni ya shingo. Wengi hukikata. Kitobolee tundu lake, kwa sababu ndicho kinachozuia mwili wote usizunguke nati ikilegea.

Mpangilio wa kazi ndio unaowaponza wengi. Wanalehemu kwanza, kisha wanalazimisha shingo nne au tano ziingie kwenye matundu ya paneli. Nati zikikazwa, kila mguu unabaki umevutwa, na mpasuko umeshaanza kabla kifaa hakijawashwa. Fanya kinyume chake. Penyeza miguu kwenye bodi bila kulehemu, ingiza shingo kwenye paneli, kaza nati zote, hakikisha bodi imelala sawa, ndipo ulehemu. Bandika utepe wa kuhami mgongoni mwa potenshomita kama mwili wake wa chuma unakaribia njia za shaba.

Vitufe vidogo vya mraba wa milimita 6 havina shingo, kwa hiyo hapo kinachobebeshwa mzigo ni bodi yenyewe. Iinue kwa nguzo zenye skrubu, na nguzo moja iwe karibu na kitufe, ndani ya milimita 25 hivi. Bodi ikinesanesa, lehemu nayo inachoka. Hesabu ya urefu ni rahisi: kitufe cha milimita 9.5, nguzo za milimita 6 na paneli ya milimita 2 huacha milimita 1.5 ikichomoza nje. Tundu la milimita 4.5 linatosha kwa kitufe chenye kichwa cha milimita 3.5. Likibana zaidi, kitufe kitakwama kikiwa kimebonyea.

Vitufe hivi vina miguu minne, lakini imeunganishwa ndani miwilimiwili. Ukikigeuza robo mzunguko, saketi itakuwa imewashwa muda wote. Pima kwa mita ya kupimia umeme, au tumia miguu miwili iliyo kwenye kona zinazotazamana kimshazari. Hiyo haikosei kwa namna yoyote utakayokiweka.

Wakati wa kulehemu, joto la nyuzi 320 hadi 350 za Selsiasi kwa sekunde 2 au 3 kila mguu linatosha. Ukikawia, plastiki ya ndani hulainika, mguu unahama, na swichi inabaki ngumu au haigusi kabisa. Pumzisha kati ya mguu na mguu, hasa kwenye swichi ndogo za kijiti. Usimimine fluksi ya maji (dawa ya kusaidia lehemu kushika) wala kuosha bodi kwa spiriti baada ya kuweka swichi isiyozibwa: uchafu huingia ndani na kukauka juu ya viguso. Osha kwanza, swichi ziwe za mwisho.