"Si ni bweni tu?" Dhana potofu kuhusu jumuiya za kuishi na kusoma pamoja

Kila msimu wa udahili ukifika naulizwa na wazazi na wanafunzi wa mwaka wa kwanza: "Hizi jumuiya za kuishi na kusoma pamoja, si ni bweni tu lenye jina zuri?" Nimechoka kulisikia swali hili, kwa sababu anayeamini hivyo hupata chumba akakosa mengine yote.

Bweni la kawaida linakupa kitanda. Jumuiya inagusa hadi ratiba yako. Wakazi wa ghorofa moja husajiliwa kozi moja au mbili za pamoja, mara nyingi zile za utangulizi zinazowaangusha wengi. Mhadhiri huja bwenini kwa utaratibu, na mwanafunzi mlezi wa mwaka wa pili au wa tatu anaishi humohumo. Sasa chukua usiku wa saa nne, kazi ya hesabu inakusanywa kesho, na mmoja amekwama swali la nne. Kwingine angelala nalo. Hapa anagonga mlango wa jirani, anamkuta na karatasi ileile mezani, wanahamia sebuleni na wa tatu anavuta kiti. Hadi saa sita kila mmoja ameona alipokosea. Na aliyekwisha kula meza moja na mhadhiri hapati tabu kubisha hodi ofisini kwake.

Hayo hayaji kwa kulala hapo. Ukichukua chumba kwa kuwa jengo ni jipya, kisha ukaiacha kozi ya pamoja na kukwepa vikao vya jioni, usitegemee lolote. Kabla ya kujaza fomu uliza: kozi ya pamoja ni ipi? Mhadhiri ni nani, na anakuja lini? Mlezi wa ghorofa ni nani? Wakikosa majibu, hapo kweli ni bweni tu. Lichague kwa bei na umbali.

Wengine husema ni za vipanga. Zipo zinazodai alama za juu, lakini nyingi zinataka maombi mafupi tu, na zipo za wale ambao bado hawajachagua fani.

Eti utafungiwa na watu walewale? Kozi zako nyingine unasoma na chuo kizima.

Na si mtindo wa juzi. Mwaka 1927 mwanafalsafa Alexander Meiklejohn alifungua Experimental College, yaani chuo cha majaribio, ndani ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Wanafunzi waliishi bweni moja na kufuata mtaala mmoja kwa miaka miwili: Athens ya kale kwanza, kisha Marekani ya wakati wao. Chuo hicho cha majaribio kilifungwa 1932, lakini wazo likabaki.

Mzazi anayeniambia kwamba alama zitapanda zenyewe namjibu kwa uangalifu. Wanaoomba jumuiya hizi mara nyingi ni wenye hamu tangu mwanzo, hivyo ni vigumu kutenganisha juhudi zao na mchango wa bweni. Faida inayoonekana wazi zaidi ni kuzoea chuo mapema na kujiona una watu. Kwa hiyo, wiki za mwanzo, mzazi, usimuulize mwanao amepata ngapi. Muulize anafanya diskasheni na nani, na kama mhadhiri wake anamjua kwa jina.