Piko si hina nyeusi
Kwenye harusi za Mombasa, kuanzia Mji wa Kale hadi Kisauni, bibi harusi anayechorwa maua ya piko, ile rangi nyeusi ya kupamba mikono na miguu, huambiwa: "Usiogope piko, ni hina tu, ila nyeusi." Si kweli. Hina ni majani ya mhina yaliyokaushwa yakasagwa. Hutoa rangi ya machungwa, kisha hukolea kuwa hudhurungi baada ya siku moja au mbili. Haiwi nyeusi tititi, hata ukilala nayo usiku kucha.

Weusi wa piko ni wa rangi ya nywele, yenye kemikali iitwayo PPD. Umoja wa Ulaya huiruhusu kwenye nywele tu, isizidi asilimia 2 inapopakwa. Kuchorea ngozi, hapana. Ngozi inaweza kuwasha, kutoka malengelenge na kubaki na kovu lenye umbo la ua lile lile ulilochorwa. Tena aleji yake kwa kawaida haiondoki: miaka baadaye, rangi ya nywele inaweza kukuvimbisha uso. Kutodhurika mara ya kwanza si kinga, maana huenda mwili ndiyo kwanza umeanza kuikataa.

Wanaonitia uchungu zaidi ni watoto wanaochorwa piko siku ya Idi. Muulize mchoraji amechanganya nini. Ikitoka nyeusi ndani ya saa moja, hiyo si hina.